Barua pepe moja, vifaa vinne: visipooana, anzia kwenye seva

Ofisi nyingi ndogo, iwe ya utalii Arusha, ya uwakala wa forodha Mombasa au duka la vipuri Kariakoo, zina anwani moja ya barua pepe inayosomwa na watu watatu au wanne. Bosi anaisoma kwenye iPhone, mhasibu kwenye kompyuta ya mezani, kijana wa mauzo kwenye Tecno yake, na mapokezini kuna kishikwambi. Mambo yakienda sawa, barua aliyoifungua mmoja inaonekana imesomwa kwa wote, aliyoijibu mmoja ina alama ya kujibiwa, na hakuna mteja anayepewa bei mbili na watu wawili wa ofisi moja. Yakienda kombo, kila kifaa kinakuwa na habari zake.

Wengi wakiona hivyo hufuta akaunti kwenye simu na kuiweka upya. Tafadhali usianze hapo. Kufuta akaunti kunaweza kuondoka na barua ambazo hazipo mahali pengine popote, na mara nyingi simu inayolalamikiwa siyo yenye kosa.

Kipimo cha kwanza: kivinjari

Fungua kivinjari kwenye kifaa chochote, uingie kwenye sanduku lenyewe. Kama ni Gmail au Outlook, ingia kwenye tovuti yao. Kama anwani ni ya kampuni, tumia ukurasa wa barua mliopewa na kampuni inayohifadhi tovuti yenu. Mara nyingi unafunguka ukiandika jina la kikoa chenu (yale maneno yanayofuata alama ya @ kwenye anwani) likifuatiwa na /webmail. Unachokiona pale ndicho inachokijua seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma inayotunza sanduku lenu, bila programu ya simu kuingia katikati.

Kama barua inayotafutwa ipo pale, seva ni nzima na kosa liko kwenye kifaa au kwenye njia ya kufika kwenye seva. Kama haipo pale lakini mtu mmoja anayo kwenye simu yake, umeshapata jibu: kifaa hicho kinachukua barua kwa njia iitwayo POP, na sehemu inayofuata ni yako. Kama haipo popote, pekua folda ya barua taka, Tupio, na kanuni za kuchuja barua zilizowekwa ndani ya sanduku. Kanuni iliyowekwa na mfanyakazi aliyeondoka huendelea kuhamisha barua hadi mtu aifute.

Kipimo hiki hakichukui muda, na kinagawa matatizo yote katika mafungu mawili. Nimeona watu wakihangaika na simu siku nzima kwa kukiruka.

"Barua iko kwenye simu moja tu"

POP ilitungwa miaka ya 1980, wakati mtu alikuwa na kompyuta moja na aliunganishwa kwa laini ya simu kwa muda mfupi. Inafanya kazi kama mfanyakazi anayekwenda posta, anafungua S.L.P. ya ofisi, anabeba barua zote na kuziweka kwenye droo yake. Atakayekuja baadaye atakuta sanduku tupu. IMAP, iliyoanzishwa na Mark Crispin akiwa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ina wazo lililo kinyume: barua zinabaki kwenye seva, na kila kifaa kinaonyesha nakala na kurudisha taarifa kwamba hii imesomwa, hii imejibiwa, hii imefutwa.

Utajuaje kifaa kinatumia ipi? Usiangalie jina la seva, kwa sababu mail.kikoachenu linaweza kuwa la zote mbili. Angalia namba ya poti kwenye mipangilio ya seva ya barua zinazoingia. Ukiona 995 au 110, ni POP. Ukiona 993 au 143, ni IMAP.

Hapa kuna ushauri unaozunguka sana ambao haumalizi tatizo: kuwasha chaguo la kuacha nakala kwenye seva. Ni kweli barua hazitafutwa tena na wengine wataziona. Lakini POP haina njia ya kuiambia seva kwamba barua imesomwa au imejibiwa, wala haijui folda nyingine zaidi ya Kikasha. Barua zilizotumwa kutoka kifaa hicho zitabaki kwenye kifaa hicho. Kwa ofisi inayotaka kuona hali moja kila mahali, hilo ni kiraka. Dawa ni kuhamia IMAP kwenye vifaa vyote, bila kubakiza hata kimoja.

Kuhama kunafanywa hivi. Programu nyingi haziwezi kugeuza akaunti ya POP iwe IMAP, kwa hiyo unaongeza akaunti ya pili yenye anwani ileile, safari hii ukichagua IMAP, huku ile ya zamani ukiiacha ilivyo. Kwenye kompyuta yenye programu ya barua kama Thunderbird au Outlook, fungua akaunti zote mbili, uchague barua za zamani na kuzinakili kwenda kwenye folda za akaunti mpya. Zinapanda kwenye seva moja moja, na zikiwa nyingi ni kazi ya usiku kucha kwa intaneti ya kawaida, kwa hiyo usitumie bando la siku. Hakikisha kwanza kwamba nafasi ya sanduku kwenye seva inatosha. Baada ya hapo rudi kwenye kivinjari, uhesabu folda kwa folda, ndipo uondoe akaunti ya POP. Kwenye simu kazi ni ngumu zaidi, kwani programu nyingi za simu haziruhusu kuhamisha barua kutoka akaunti moja hadi nyingine. Hapo hakuna budi kuzituma upya zile muhimu kwenda kwenye anwani ileile.

"Barua inaingia, naiona, halafu inatoweka"

Hili ndilo linalozua ugomvi ofisini, kwa sababu kila mtu anadhani mwenzake anafuta. Na wakati mwingine ni kweli: kwenye IMAP, anayefuta kwenye simu yake amefuta kwa wote, na mtu anayependa kusafisha kikasha chake jioni lazima aelezwe hivyo waziwazi.

Lakini kama kila mtu anaapa hajafuta, na Tupio halina kitu, tafuta kompyuta iliyosahaulika. Vifaa vyote vinavyojulikana vinaweza kuwa vya IMAP, ilhali kuna kompyuta moja ya zamani, labda stoo au nyumbani kwa mhasibu wa zamani, ambayo bado inawashwa na bado inavuta barua kwa POP kila dakika kumi kisha kuzifuta kwenye seva. Dalili yake ni kwamba barua zinatoweka saa kompyuta hiyo ikiwa imewashwa tu. Wikiendi zote ziko salama, Jumatatu asubuhi hazipo.

Njia ya uhakika ya kuipata ni kubadilisha nenosiri la sanduku, kisha kuliingiza upya kwenye vifaa mnavyovitambua tu. Kifaa kisichojulikana kinabaki nje. Mwenyewe akija kulalamika kwamba barua zake haziingii, umempata, na kabla ya kumfungia kabisa mwombe barua alizonazo, maana huenda ana miezi kadhaa ya mawasiliano ya ofisi ambayo seva haina. Kubadilisha nenosiri kuna athari yake moja, nayo inafuata hapa.

"Kwa bando inafanya kazi, kwa Wi-Fi ya ofisi inakataa"

Ukisikia sentensi hii, acha kugusa mipangilio ya simu. Kama akaunti ileile kwenye simu ileile inafunguka kwa data ya mtandao wa simu na inakataa kwa Wi-Fi, mipangilio ni sahihi. Mara nyingi seva imeifungia anwani ya intaneti ya ofisi yenu.

Vifaa vyote vilivyo kwenye Wi-Fi ya ofisi huonekana nje kwa anwani moja ya intaneti. Seva za barua zina ulinzi unaohesabu manenosiri yasiyo sahihi, na anwani ikikosea mara nyingi ndani ya muda mfupi, inafungiwa. Sasa fikiria mmebadilisha nenosiri jana, mkasahau kishikwambi cha mapokezi. Hakilalamiki, kwa sababu hakuna anayekitazama, lakini kinajaribu nenosiri la zamani tena na tena. Baada ya muda ofisi nzima inakosa barua, pamoja na wale walioweka nenosiri jipya bila kosa. Mbaya zaidi, kila mmoja akiona "imeshindikana" anaanza kuandika nenosiri upya kwa kubahatisha, na anaongeza hesabu ya makosa.

Utaratibu ni huu: zima Wi-Fi kwenye vifaa vyote, tafuta kile chenye nenosiri la zamani na ukirekebishe, kisha piga simu kwa kampuni inayohifadhi barua zenu waifungue anwani hiyo. Wataiomba, ipate kwa kuandika swali la IP yako ni ipi kwenye injini yoyote ya kutafuta huku ukiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi. Ukiomba wafungue kabla ya kupata kifaa chenye kosa, mtafungiwa tena kabla ya chai. Mara chache tatizo hilihili hutokea hata kwenye bando, kwa sababu kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya pamoja, na anayewafungisha anaweza kuwa mtu msiyemjua.

Kuna ndugu wa tatizo hili asiye na kosa la nenosiri. Kila programu ya barua hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja, na seva ina kikomo. Gmail inaruhusu 15 kwa akaunti moja. Dovecot, programu inayoendesha seva nyingi za barua za kampuni, kwa mpangilio wake wa asili inaruhusu 10 kwa mtumiaji mmoja kutoka anwani moja. Watu watano, kila mmoja na simu na kompyuta, wanakifikia kikomo hicho kwa urahisi. Dalili yake ni kwamba asubuhi kila kitu ni shwari, na kadiri watu wanavyoingia kazini wa mwisho ndio wanaokataliwa. Punguza idadi ya miunganisho kwenye programu za kompyuta zinazoruhusu hilo, kama Thunderbird, au umwombe mwenye seva aongeze kikomo. Ofisi ikikua, jibu la kweli ni kila mtu awe na anwani yake.

"Nenosiri ni sahihi lakini inakataa kila mahali"

Kwa Gmail na Outlook, angalia umri wa programu unayotumia. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google haikubali tena programu inayotuma jina na nenosiri la kawaida peke yake kwenye akaunti za watu binafsi. Microsoft ilifanya hivyo kwa akaunti za Outlook na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Programu ya sasa itakupeleka kwenye ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe uingie huko. Hiyo ndiyo njia ya kuchagua. Programu ya zamani inayokuletea visanduku viwili tu vya jina na nenosiri itakataliwa hata uandike vizuri namna gani. Kwa Gmail kuna mlango wa pembeni: washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu, lenye herufi 16, uliweke hapo badala ya lile la kawaida. Ukibadilisha nenosiri kuu la akaunti, hayo ya programu yanafutika, na watu hushangaa kwa nini vifaa vyote vimekufa siku moja.

Kwa anwani ya kampuni, jina la kuingilia karibu kila mara ni anwani nzima, siyo "info" peke yake.

"Barua zinafika, ila zinachelewa"

Hapa ni suala la nani anamwamsha nani. IMAP ina kipengele kiitwacho IDLE, kilichosanifiwa mwaka 1997, kinachoiruhusu seva kukiarifu kifaa papo hapo barua inapoingia. Thunderbird ya Android inakitumia. Programu ya Mail iliyomo kwenye iPhone haikitumii. Inapata taarifa za papo hapo kwa akaunti kama za iCloud na Exchange (huduma ya barua ya Microsoft), na kwa nyingine huenda yenyewe kuuliza seva kila baada ya muda. Gmail iko kwenye hilo kundi la pili tangu Google ilipofunga njia ya Exchange kwa akaunti mpya za bure mwezi Januari 2013. Bosi anayesoma Gmail kwa programu hiyo atachelewa daima kuliko kijana mwenye programu ya Gmail yenyewe, na hakuna kilichoharibika. Ama aweke muda wa kuuliza uwe dakika 15, ama apakue programu ya Gmail. Asichague ule mpangilio wa kujiendesha, kwani huo hushusha barua simu ikiwa kwenye chaji na Wi-Fi.

Kwenye Android, mshukiwa ni uokoaji wa betri. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyolala mezani huzuia programu kutumia mtandao na kuzifungulia kwa vipindi. Watengenezaji wengi wameongeza vizuizi vyao juu ya hapo: Tecno na Infinix huja na Phone Master inayofunga programu zilizo nyuma, na Xiaomi ina ruhusa ya kujiwasha ambayo lazima uiwashe mwenyewe. Nenda kwenye mipangilio ya betri ya programu ya barua, uondoe kizuizi. Halafu angalia Kiokoa Data, ambacho wengi wetu huwasha kulinda bando kisha tukakisahau. Programu ya barua inaweza kuruhusiwa peke yake huku nyingine zikibaki zimezuiwa.

"Aliyotuma bosi, mhasibu haioni"

Kutuma hakuendi kwa IMAP. Kunakwenda kwa njia nyingine iitwayo SMTP, na baada ya kutuma, programu yenyewe ndiyo inayoweka nakala kwenye folda ya zilizotumwa. Moja inaweka kwenye "Sent", nyingine inaunda "Sent Items", ya tatu "Sent Messages", na kuna inayoweka kwenye kumbukumbu ya simu tu. Ukiangalia kwa kivinjari utaziona folda hizo zote zimejipanga. Amueni moja, ile ambayo ukurasa wa kivinjari unaitumia, kisha kwenye kila kifaa ingia kwenye mipangilio ya kina ya akaunti uichague. Fanya hivyo pia kwa Rasimu na Tupio. Gmail huhifadhi nakala yenyewe, hivyo ukiona kila uliyotuma iko mara mbili, zima uhifadhi wa upande wa programu.

Kama kutuma kunakataa kabisa huku kupokea kukiwa sawa, angalia poti ya kutumia: iwe 465 au 587. Poti 25 huzuiwa na kampuni nyingi za intaneti. Hakikisha pia chaguo la seva ya kutuma kudai jina na nenosiri limewashwa.

Onyo la cheti

Cheti ni kitambulisho ambacho seva huionyesha simu ili kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe. Simu ikikitilia shaka, kwanza tazama tarehe yake. Ikiwa imerudi nyuma baada ya betri kuisha, vyeti vyote vitaonekana batili. Tarehe ikiwa sawa, linganisha jina: pengine cheti ni cha seva ya kampuni inayowahifadhi, nawe umeandika mail.kikoachenu. Tumia jina walilokupa wao.

Simu kongwe zina shida ya pekee. Seva nyingi hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, na Android iliyo chini ya 7.1.1 haina mzizi wake, yaani cheti cha msingi kinachoifanya simu iviamini. Mpango wa muda uliozisaidia simu hizo uliisha mwezi Septemba 2024. Simu ya namna hiyo, kama bado ina kivinjari cha Firefox kinachofanya kazi, isomee barua humo, kwani kina orodha yake ya mizizi. Usichague kukubali vyeti vyote. Anayeweza kujiweka katikati ya mawasiliano ya ofisi anaweza pia kubadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara.

"Za zamani hazionekani". "Namba za wateja hazijaja"

Programu ya Gmail kwa kawaida huweka kwenye simu barua za siku 30. Ongeza kwenye mipangilio. Kama hata mpya zimekoma, huenda nafasi imejaa: GB 15 za bure za Google zinagawanywa kati ya barua, Drive na picha, na picha za mwenye akaunti ndizo huzijaza. Anwani za watu na kalenda hazisafiri kwa IMAP hata kidogo. Zinahitaji njia nyingine, yaani CardDAV kwa anwani, CalDAV kwa kalenda, au Exchange, na huwekwa kivyake.

Ukilazimika kumpigia mwenye seva, mpe saa kamili tatizo lilipotokea, anwani ya intaneti mliyokuwa nayo, na maneno ya kosa kama yalivyo kwenye skrini. Kwa hayo matatu atalipata kwenye kumbukumbu za seva. Akimaliza, pima hivi: tuma barua kutoka anwani ya nje, ifungue kwenye simu moja, tazama kama imesomwa kwenye nyingine zote. Ijibu kutoka ya pili, tafuta jibu lako kwenye folda ya zilizotumwa ya tatu. Ifute kwenye kompyuta, kisha hakikisha iko kwenye Tupio la kila kifaa.